Mtaro wa mtaa kwa fedha za baraza: andika maji yanakwenda wapi kabla ya kuandika kiasi cha fedha

Barua nyingi za jumuiya za mitaa zinazopelekwa kwenye mabaraza yetu, Unguja na Pemba, zina sentensi moja tu yenye uzito: "Tunaomba kusaidiwa mtaro kwani mvua zikinyesha tunapata tabu." Tabu hiyo ni ya kweli, na anayeipokea barua anaijua. Lakini mhandisi wa baraza hana cha kukifanyia makisio. Hajui mtaro una urefu gani, unapita uwanja wa nani, unamwaga wapi, wala nani atauzoa taka masika ijayo. Barua inagongwa mhuri wa kupokelewa na kuingia kwenye faili. Mwaka unaofuata mtaa unaandika tena barua ileile.

Nimeuchagua mtaro kuwa mfano kwa sababu ndio unaoombwa sana mjini, na ndio unaokosewa sana. Anayeweza kuandaa ombi la mtaro ataweza la taa, la jaa la taka au la ukuta wa madrasa.

Kwanza jua fedha ziko wapi, maana kila mfuko una mlango wake. Baraza lenyewe, liwe la Manispaa kama Mjini, Magharibi A na Magharibi B, la Mji kama Wete, Chake Chake na Mkoani, au Halmashauri kama Micheweni, lina bajeti yake ya maendeleo, na mradi mdogo wa mtaa unaingia humo kupitia diwani wa wadi. Kuna Mfuko wa Jimbo wa Mbunge na ule wa Mwakilishi. Hiyo ni mifuko miwili tofauti, kwa hiyo barua moja haitoshi kwa wote wawili. Kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, iliyoanza mwaka 2000 na inayofanya kazi Unguja na Pemba, lakini miradi yake huibuliwa na jamii katika shehia zilizomo kwenye mpango, na sehemu kubwa ya fedha za kazi hulipwa kama ajira za muda kwa kaya zilizoandikishwa. Usiiombe TASAF mtaro wa mtaa usio na kaya hizo. Na kama unachotaka ni bomba, mlango ni ZAWA, Mamlaka ya Maji. Nguzo ya umeme ni ZECO, Shirika la Umeme. Barabara kuu haimo mikononi mwa manispaa. Ndani ya Mji Mkongwe usichimbe hata shimo la nguzo kabla ya kupita Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe. Ombi lililopelekwa mlango usio wake kwa kawaida halihamishwi. Linakaa palepale lilipofikia.

Baada ya hapo ni saini. Sheha, kiongozi wa shehia, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, diwani huchaguliwa na watu wa wadi, na ombi zuri linawahitaji wote wawili kwa sababu hawafanyi kazi moja. Barua ya Sheha inathibitisha kwamba jumuiya ipo, viongozi wake ni wakaazi wa shehia, na jambo limepita kwenye Baraza la Ushauri la Shehia. Diwani ndiye mwenye sauti kwenye kikao cha baraza siku fedha zinapogawiwa. Mtaa unaogombana na mmoja wao huwa unajaribu kumzunguka, na karibu kila mara ombi hukwama kwa yule aliyezungukwa. Mfuate mapema, hata kama hampatani, mpelekee muhtasari wa kikao na umwombe aongeze lake.

Muhtasari huo usiwe wa kubuni. Uwe na tarehe, pahala, ajenda, majina na saini za waliohudhuria, na maamuzi yenye namba. Kikao kiitwe wakati ambao wanawake wanaweza kufika, baada ya Alasiri na si baada ya Isha, kwa sababu wao ndio wanaojua maji yanaingia nyumba zipi na yanasimama siku ngapi. Mtaani wanaume wengi hawapo mvua inaponyesha mchana. Taarifa za wanawake hao ziandikwe moja kwa moja: nyumba zilizoingia maji, kina kwa sentimita kwenye alama ya ukutani, vyoo vilivyofurika. Picha ya ukuta wenye mstari wa tope na futi ya fundi imesimamishwa pembeni ina nguvu kuliko kurasa mbili za malalamiko.

Jumuiya iwe imesajiliwa kwa Mrajis, yaani msajili wa jumuiya, iwe na katiba, na iwe na akaunti ya benki kwa jina la jumuiya. Mwenyekiti, katibu na mshika fedha watie saini, na hundi isitoke kwa saini ya mtu mmoja. Kama kiongozi amehama au amefariki, badilisha saini benki kabla hujaomba kitu. Fedha zilizoidhinishwa hukwama hapo mara nyingi: baraza limetoa, benki inamtaka mshika fedha ambaye sasa yuko Dar es Salaam, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni.

Sasa ardhi. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini haki hiyo ni ya kweli na huwezi kupitisha mtaro uwanjani kwa mtu kwa sababu tu mtaa mzima unataka. Pata ridhaa kwa maandishi kutoka kila nyumba inayopitiwa, pamoja na upana kamili utakaochukuliwa. Na miti ina mwenyewe, pengine si yule mwenye nyumba. Mnazi mmoja uliomo kwenye njia ya mtaro unaweza kuwa wa ukoo wenye warithi wanane. Pemba jihadhari zaidi: mkarafuu haukatwi bila kibali, hata ukiwa umekauka nusu, basi pindisha mtaro. Kiwanja kikiwa cha wakfu, barua iende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ianze mapema.

Tufike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: maji yanakwenda wapi. Mji wa Zanzibar umejengewa mitaro mikubwa ya maji ya mvua katika mradi wa huduma za miji, ule watu walioujua kwa jina la ZUSP. Mtaro mdogo wa mtaa una maana tu kama unaishia kwenye mtaro mkubwa, kwenye bonde la asili au baharini kwa njia halali. Mtaro unaoishia ukingoni mwa mtaa wako unahamishia maji kwa jirani, na jirani ataupiga mawe na kuuziba, na atakuwa na haki. Kabla ya kuandika lolote, tembea na mhandisi wa baraza kutoka nyumba ya kwanza hadi pale maji yatakapotoka, mpime kimo cha sakafu ya mtaro mkubwa. Ikiwa sakafu hiyo iko juu kuliko mwisho wa mtaro wenu, maji yatarudi nyuma siku ya mvua kubwa, na hakuna saruji itakayobadilisha hilo. Katika hali hiyo ombi sahihi si mtaro bali shimo la kuzamishia maji ardhini au kuinua njia. Sehemu za maweni za upande wa mashariki wa Unguja mawe yana nyufa na maji huzama haraka. Udongo mzito wa mabonde ya Pemba hauyanywi hivyo, shimo linajaa na kubaki dimbwi la mbu.

Mteremko hupimwa kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonekana ndani, ambao maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Watu wawili, vijiti viwili, kila mita 10. Sakafu ya mtaro ishuke angalau sentimita 5 kwa kila mita 10. Ikipungua hapo mchanga unatuama, mifuko ya nailoni inanasa, na baada ya masika moja mtaro umekuwa kitanda cha majani. Kwa mita 60 unahitaji kushuka sentimita 30 jumla. Kama ardhi yenyewe inateremka hivyo, vizuri. Kama ni tambarare, mwisho wa mtaro utakuwa na kina zaidi kwa sentimita 30, na hapo kuta zinahitaji kozi (safu) ya ziada ya matofali ambayo makisio mengi huisahau.

Huu hapa mchanganuo wa mtaro wa mita 60 kwenye ardhi inayoteremka yenyewe, upana wa ndani sentimita 40, kuta za tofali la inchi 6 kwa kozi mbili kila upande, sakafu ya zege ya sentimita 10 yenye upana wa sentimita 80, na mifuniko ya zege ya sentimita 8.

Kuchimba ni upana wa sentimita 90 kwa kina cha 65, yaani kama mita za ujazo 35. Kwenye udongo wa kawaida mtu mmoja hutoa mita 1.5 hadi 2 kwa siku nzima, basi ni siku-kazi 18 hadi 23, sawa na vijana 10 kwa asubuhi nne au tano. Kwenye maweni hesabu hii haifai kabisa: kunahitajika mashine ya kuvunjia mawe, na gharama yake iandikwe peke yake.

Matofali: kozi moja ya mita 60 inakula matofali 131, kozi nne ni 524, ongeza ya kuvunjika, nunua 550. Ligonge tofali kabla ya kulipa. Linaloacha unga mkononi ni la saruji kidogo, na ndani ya mtaro halimalizi miaka miwili.

Zege ya sakafu ni mita za ujazo 4.8. Mifuniko, kila mmoja sentimita 70 kwa 50, ni 120, na zege yake ni kama mita 3.4. Jumla ni mita 8.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu ya kilo 50, basi mifuko 53. Kujengea matofali ongeza 6, plasta ya ndani 7, na ya kumwagika. Andika 70. Mchanga mita za ujazo 6, kokoto mita 7.5. Nondo za milimita 8 ni 46 kwa mifuniko yote, ukikata vipande vinne vya sentimita 65 na vinne vya 45 kwa kila mfuniko; nunua 48.

Kwa kila mfuko wa saruji fundi apime ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto, na maji yasizidi lita 28. Kosa la kawaida kuliko yote ni kumwaga maji hadi zege iteleze kama uji, kwa sababu ndivyo inavyosukumika kwa urahisi. Zege hiyo ikikauka ina matundu, na mfuniko wake unapasuka gari la kwanza la gesi likipita. Mchanga uwe wa kibali. Wa ufukweni ni kosa kuuchimba, na chumvi yake inaila nondo kutoka ndani hadi mfuniko unabanduka vipande. Risiti ya mchanga wenye kibali iwekwe kwenye faili, kwani mkaguzi ataiuliza.

Mfuniko wa kipimo hicho una uzito wa karibu kilo 67, mzigo wa watu wawili. Kila baada ya mita 5 mmoja uwe na mikono miwili ya nondo ili ufunguke. Mitaro iliyofunikwa moja kwa moja kwa zege ndefu isiyofunguka inapendeza siku ya makabidhiano, lakini ikiziba inavunjwa kwa nyundo. Mifuniko yote imwagiliwe maji siku saba. Maji hayo yaingizwe kwenye makisio. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linaikausha zege kabla haijashika, hivyo magunia mabichi yabaki juu yake mchana kutwa.

Mchango wa wananchi ndio unaolitia ombi nguvu, na ndio unaoandikwa ovyo. "Wananchi watachangia nguvu zao" hakuna anayeweza kulihesabu. Andika: kuchimba siku-kazi 23, kubeba matofali na kokoto kutoka barabarani siku-kazi 12, chakula cha mafundi kwa zamu za nyumba, ghala la saruji bure kwa mwezi mmoja. Kisha lipe kila moja thamani kwa ujira wa kibarua unaolipwa shehia yenu wakati huo. Weka daftari la mahudhurio lenye saini kila asubuhi, lipigwe mhuri na Sheha mwisho wa juma. Na usiahidi nguvu usizonazo. Vijana wa bodaboda watafika asubuhi ya Jumapili, si Jumatatu. Ikiwa Ramadhani inaangukia katikati ya kazi, panga kuchimba kuishe kabla yake, na ndani ya mwezi ibaki kazi ya fundi peke yake.

Bei zitokane na profoma tatu (hati za bei kabla ya kununua) za maduka tofauti, za mwezi huohuo, zikisema wazi kama kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo. Pemba usichukue bei ya Unguja ukaiandika. Saruji na nondo zina nauli ya bahari, kupakua bandarini na gari hadi Konde au Kengeja, na hizo ni gharama za kweli. Weka asilimia 10 ya dharura na uieleze ni ya nini: kupanda kwa bei, mwamba usiotarajiwa, bomba la maji lililokatika. Hilo la mwisho si la kubahatisha. Mitaa yetu ya zamani ina mabomba yaliyozikwa kina cha kiganja, hivyo mtake fundi wa ZAWA aoneshe njia zake kabla ya jembe la kwanza.

Wakati nao una hesabu yake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi linapitisha bajeti ya Serikali kabla ya hapo. Makisio ya mabaraza huandaliwa miezi kadhaa nyuma. Ombi la kuingia bajeti ya mwakani liwe mkononi mwa diwani ifikapo Novemba. Likifika Machi, masika yakiwa yameanza na kila mtu yumo majini, linasomwa kwa huruma lakini vifungu vimeshajaa. Kazi yenyewe ifanywe baina ya mwisho wa Juni na Septemba, au Januari na Februari. Mtaro uliochimbwa Aprili unajaa tope usiku mmoja, kuta za udongo zinaporomoka, na siku-kazi 23 za watu zimepotea. Kama fedha zinatoka Machi, andika barua kuomba kazi isogezwe hadi Julai, na uombe kwa maandishi ili fedha zisihesabiwe zimerudi.

Fedha zikitolewa kwa awamu, ya kwanza isiishie kwenye saruji. Kamati nyingi hununua mifuko yote 70 siku moja kwa kuogopa bei, wanaipanga chini ghalani, awamu ya pili inachelewa, na unyevu wa masika unaigandisha. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu imeshapungua nguvu hata kama bado ni unga. Ukiona vibonge visivyovunjika kwa vidole, usiitumie kwa zege. Awamu ya kwanza inunue matofali, nondo na kokoto, vitu visivyoharibika, na saruji ya sakafu tu. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Kila malipo yawe na risiti ya kielektroniki, ile inayotambuliwa na ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kibarua asiye na risiti asaini karatasi ya malipo yenye jina, kazi, siku, kiasi na namba ya kitambulisho. Ripoti ya awamu isizidi kurasa tatu: kilichopangwa, kilichofanyika, fedha zilizotumika na baki, picha za pahala palepale kabla, katikati na baadaye. Tofauti yoyote na makisio ielezwe hata kama ni ndogo. Mkaguzi hatishwi na bei iliyopanda. Anachotilia shaka ni hesabu iliyolingana shilingi kwa shilingi.

Kuhusu taa na visima niseme kidogo tu. Taa ya sola ya njiani inakufa betri kabla ya kitu chochote, na ombi lisilosema nani atanunua betri mpya linaomba nguzo ya kuning'inizia mabango. Taa ya umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, inahitaji mtu wa kununua umeme kila mwezi, ajulikane kwa jina. Kisima karibu na pwani kikivutwa kwa pampu kubwa kinaingiwa na chumvi na maji yake hayarudi haraka kuwa baridi, yaani yasiyo na chumvi. Idhini ya ZAWA na kipimo cha maji vitangulie bei ya pampu.

Kabla ya makabidhiano, jumuiya iwe imeshaandika makubaliano ya usafi na Sheha ameyatia saini. Mtaro wa mita 60 ugawiwe kwa nyumba, kila nyumba vipande vyake vya mifuniko, na usafishwe mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Tope linalotolewa lisiachwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Mwombe afisa usafi wa baraza apange gari siku hiyohiyo, na barua ya kuliomba ipelekwe wiki mbili kabla. Mchango wa kila nyumba kwa mwezi uwe mdogo kiasi cha kulipika, uingie akaunti ileile ya jumuiya, na uwe wa kazi moja tu, kubadilisha mifuniko iliyovunjika. Wakati wa kumwaga zege, mimina mifuniko minne ya ziada na uiweke kwa Sheha. Ukisubiri mmoja uvunjike ndipo utafute nusu mfuko wa saruji, shimo litakaa wazi wiki nzima kwenye njia ya watoto wa skuli.